Baba, Mtandao Unakukata

Ijumaa, 2 Novemba 2012

Hanifa kapiga leo baada ya swala ya Ijumaa. Sauti tu. Picha nimeizima tangu Septemba. Namwambia picha inakula mtandao, bora tusikilizane. Na kweli modemu yetu hii ya kuchomeka ubavuni mwa kompyuta ni mzee mwenzetu, inapumzika inapotaka.

Nikamwekea mume wangu Mselemu kompyuta mapajani. Akasalimu kwa ile sauti yake ya sasa, nzito, maneno yanashikana. Hanifa akasema kama anavyosema kila wiki, "Baba, mtandao unakukata." Mume wangu akanitazama. Nikadakia haraka — ndiyo mwanangu, mtandao wa huku unaujua.

Uongo huu sikuutunga mimi. Hanifa mwenyewe alinipa, Ijumaa ile ya kwanza baada ya kiharusi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimweleze: baba yako kaanguka dukani, mkasi mkononi, anampimia mteja kitambaa, upande wa kulia hauna nguvu, mdomo umekwenda kando. Nilikuwa tayari! Naye akasema mtandao mbaya. Nikanyamaza.

Aliyetaka Hanifa afichwe ni Mselemu. Kule hospitali, hata kukaa hajaweza, alishika pindo la kanga yangu kwa mkono wa kushoto. "Mtihani... mtihani." Mtoto yuko Bangalore, mwaka wa mwisho wa uuguzi, na mtihani unaanza Jumatatu ya tarehe 3 Desemba. Akijua atapanda ndege. Namjua, ni wa baba yake yule. Na aliye mbali hapewi habari ya ugonjwa, ndivyo tulivyolelewa. Utamwambia ili afanye nini huko, alie na ukuta?

Mwezi mmoja tu ndio uliobaki. Ee Mola, tuvushe.

Jumatatu, 5 Novemba

Anuari kaja na maneno yake. Huyu ni mdogo wake Mselemu, anauza simu pale karibu na soko, na sasa kajifanya wakala wa kampuni mpya ya intaneti. Anasema Hanifa kamwandikia: Ba'mdogo, tuwekee nyumbani mtandao wenye spidi, nataka kumwona Baba kabla ya mtihani. Gharama zote juu yake Anuari, mpaka Hanifa aanze kazi.

Nikamuuliza, wewe umemjibu nini? Kasema amekubali. Angekataaje bila kusema sababu?

Nimekasirika, na hasira zangu nazijua — nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nikamwambia, shemeji, nyumba hii ina watu wawili. Mmoja haendi popote, mwingine anapika. Spidi ya kumkimbilia nani?

Jumatano, 7 Novemba

Kijana wa kampuni kaja. Leonidas. Adabu anayo: shikamoo mama, viatu mlangoni. Kabeba dishi dogo kwenye boksi. Nimemwacha barazani, nikamwambia mwenye nyumba kalala.

Akaanza kunihubiria. Modemu yangu ni ya zamani, mama, hii mpya ina mega nne. Filamu inashuka mara moja. Nikasema sina filamu ninayoisubiri. Barua pepe je? Barua yangu ikifika sasa hivi au nikishamaliza kuchambua mchele, imechelewa wapi? Akasema watu wote mjini wanaweka. Nikasema watu wote mjini wana haraka, na haraka haraka haina baraka. Kacheka. Mtoto mzuri, ila kazi yake kwangu ni balaa.

Nakumbuka tulipoanza maisha hapa. Simu ilikuwa ya posta. Unajaza fomu, unakaa kwenye benchi, unaitwa kwenye kibanda, unapiga kelele hadi wa benchi wanajua mambo yako yote. Leo makampuni ya simu yanagombania kuta za nyumba kupaka rangi zao. Duka letu limeshakuwa jekundu, limekuwa la njano. Kila mmoja anasema ni mwepesi kuliko mwenzake. Hakuna anayekuuliza unataka kusema nini ukishaunganishwa.

Nimemrudisha Leonidas na dishi lake. Nimesema bati bovu, halibebi kitu. Bati ni la mwaka juzi.

Ijumaa, 9 Novemba

Hanifa kauliza mbona dishi bado. Nikampa hadithi ya bati.

Leo Mselemu alikwama kwenye Kiswahili akahamia Kinyaturu. Tangu augue, lugha ya mama yake inatoka nyepesi kuliko hii tuliyoongea naye maisha yote. Mimi simo! Hanifa kashangaa: siku hizi Baba anaongea Kinyaturu? Nikasema kamkumbuka bibi yako wa Mwankoko, ukubwa huo.

Safari hii Hanifa hakusema mtandao.

Ijumaa, 16 Novemba

Umeme umekatika mji mzima tangu asubuhi. Hanifa hakutupata. Nimeshukuru, kisha nikaona aibu.

Jumamosi, 17 Novemba

Mwalimu Kristina, jirani, kaleta uji wa ulezi kwa mgonjwa. Yeye ana intaneti ya simu tu. Nikadhani nimepata mwenzangu, nikamuuliza mbele ya Anuari kama nyumba inahitaji spidi. Kasema yeye haihitaji, anasoma matokeo ya wanafunzi na habari basi, ikisuasua anaweka maji ya chai jikoni. Nikamtazama Anuari — umesikia?

Lakini Kristina hakuwa amemaliza. Akasema alipokuwa chuo cha ualimu, kaka yake aliugua huko kwao Nduguti. Wazazi wakasema asiambiwe, atafeli. Kila barua: wote hatujambo. Akafaulu. Akashuka kwenye basi na cheti, akauliza kaka yuko wapi, akapelekwa nyuma ya nyumba. "Kaburi lilikuwa limeshaota majani, mama Hanifa." Akafunika bakuli lake akaenda.

Hakulia wala nini. Kasema tu, kama mtu anayesimulia bei ya vitunguu.

Jumanne, 20 Novemba

Tumegombana, mimi na Anuari. Kwa sauti ya chini, maana mgonjwa yuko chumba cha pili. Kasema nimemfanya mtoto mjinga. Anasomea ugonjwa na ugonjwa uko kwao. Nikasema nimemwahidi Mselemu. Kasema ahadi ya mtu aliyeshikwa na kiharusi siku ileile! Nikasema hata angekuwa kaburini ningeitimiza. Neno baya. Nililijutia kabla halijaisha kutoka.

Anuari akasimama mlangoni. "Shemeji, mimi sitasema. Niliapa. Lakini dishi nitaleta. Mtandao wenyewe utasema."

Baadaye nimekaa nikajiuliza kwa haki. Nikiondoa ugomvi, swali ni moja: tunaihitaji spidi? Hatuihitaji. Tunahitaji kinyume chake. Ule mtandao mbovu umetufichia mdomo wa Mselemu wiki baada ya wiki. Maneno yake yaliyovunjika yanapita humo na hakuna wa kuuliza yamevunjikia wapi, huku au njiani. Nani tena angeusafisha? Mwendawazimu!

Na bado namwonea huruma Mselemu. Anaingoja Ijumaa tangu Jumamosi.

Ijumaa, 23 Novemba

Hanifa leo alikuwa na maombi ya ajabu. Kamtaka baba yake ataje maduka ya mtaa wetu, kuanzia letu mpaka msikitini. Nikacheka, nikasema mtoto kashikwa na hamu ya nyumbani. Mselemu akataja matatu, la nne akalitafuta hadi jasho likamtoka. Nikachomoa modemu. Ndiyo, mimi. Kwa mkono wangu. Halafu nikaichomeka tena na kusema, unaona mtandao huu!

Mselemu hakunitazama jioni yote. Jina langu halijawahi kutoka mdomoni mwake tangu augue, ananiita "we". Nilikuwa nimeshazoea. Leo hata "we" sikuipata.

Jumamosi, 24 Novemba

Anuari na Leonidas wamekuja na dishi na ngazi. Nikajiweka mlangoni, nikaanza tena habari za bati. Nyuma yangu nikasikia fimbo. Mselemu kaamka mwenyewe, kajikokota toka chumbani, mguu unaburuta mkeka. Leonidas kapigwa na butwaa, alikuwa hajui. Mselemu akainua fimbo akaonyesha juu.

"Weka."

Neno zima. Halikukatika popote.

Nikamwambia, Baba Hanifa, si ulisema mtihani? Akatikisa kichwa. Akagusa jicho lake, kisha akaonyesha kompyuta. Anataka kumwona mtoto. Siku zote hizi mimi nalinda neno lake la hospitali, sikurudi kumuuliza kama bado ndilo. Nikawapisha mlangoni.

Wamegonga hadi adhuhuri. Leonidas akafungua mpira wa Ulaya kutuonyesha: mchezaji anakimbia bila kuganda hewani. Mselemu kacheka kwa upande wake mmoja. Kijana akakwepesha macho, akajifanya anakunja waya.

Jumanne, 27 Novemba

Nina mpango. Mselemu kaukubali, au kanivumilia tu.

Kiti kikae dirishani, upande wa kulia uelekee ukutani, pazia nusu. Kamera imwone upande wa kushoto. Kofia ishuke kidogo. Maneno matatu, mafupi, tuyazoee: Hujambo mwanangu. Niko salama. Mungu akufaulishe. Halafu mimi naingia, nasema kachoka kutoka msikitini.

Tumefanya mazoezi mara nyingi. "Akufaulishe" inamshinda. Tumeibadilisha: Mungu yupo.

Alhamisi, 29 Novemba

Mselemu kanyoa ndevu mwenyewe, mkono wa kushoto. Kajikata kidevuni mara mbili. Sikumsaidia, alikataa. Kanzu nyeupe nimeipiga pasi.

Siku nne tu zimebaki kabla ya mtihani. Tukivuka kesho tumevuka.

Ijumaa, 30 Novemba

Naandika jikoni, nimesimama. Kompyuta iko wazi sebuleni. Bado wanaongea.

Ilipolia nilibonyeza mwenyewe. Picha ikaja palepale, haikuja kwa vipande. Mwanangu! Kakonda. Nilimwona mpaka uzi uliochomoka kwenye ushungi wake. Miezi yote hii nilikuwa na sauti nikidhani nina mtoto.

Mselemu kakaa kama tulivyopanga. Hujambo mwanangu. Niko salama. Mungu yupo. Kayasema vizuri kuliko mazoezini. Nikaingia na habari ya uchovu wa msikitini. Hanifa alikuwa amesogea karibu na kioo, anaangalia. Nikaogopa macho yale, nikasema — ulimi wangu wenyewe, umeshazoea — huu mtandao bwana, unaona!

"Mama, mtandao hauna tatizo."

Taratibu. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Kisha kwa baba yake: "Baba, geuka unitazame." Akageuka, pazia likabaki nyuma yake, uso mzima ukawa mwangani, na vile vidonda vya wembe. "Nichekee kidogo, Baba." Akacheka. Upande mmoja ulikwenda, wa pili ukabaki. "Sasa inua mikono yote miwili."

Wa kushoto ulipanda hadi juu ya kofia. Wa kulia ulikuwa pajani. Aliuangalia. Akauangalia kama unavyomwangalia mtoto aliyeitwa mbele za watu akakataa kusimama. Niliomba picha igande. Modemu ile nimeitukana miaka mitatu, na leo ningeipigia magoti. Igande hapo, mkono mmoja juu, aone anapunga tu!

Haikuganda.

Nikasema nakwenda kutazama chai. Nimekimbia, niseme ukweli.

Kutoka hapa nasikia kila kitu, mtandao huu wa Leonidas hauachi hata pumzi. Hajalia. Anamuuliza dawa, presha, kama anameza maji bila kupaliwa. Kamuuliza aliugua lini, Mselemu kajibu "Septemba," kwa shida, na Hanifa kasema, "Nilidhani hivyo." Nilidhani hivyo! Basi yale maduka ya mtaa yalikuwa kipimo. Basi kila "mtandao unakukata" — ya ngapi alikuwa haamini tena? Mwanangu alikuwa anatufichia kwamba tunamficha.

Mtihani hajautaja. Wala ndege. Namsubiri ataje kimojawapo.

Sasa anamsemesha. Neno, anangoja. Neno, anangoja. "Rudia, Baba. Polepole. Nakusikia." Anarudia. Sijawahi kumwambia arudie, mimi. Siku zote nilimalizia mwenyewe.

Anamuuliza, Mama yuko wapi? Kasema kitu. Hanifa anasema, basi mwite. Siyo "we", Baba. Mwite kwa jina.

"Na..."

"Rudia, Baba."

"Nas..."

Chai imefurika, imezima moto. Bado naandika. Ananiita tena.