Mkanda wa Bakari

Mji wa Kale, Mombasa

Dada yangu Mwanasiti,

Nakusalimu kwa mapenzi, wewe na wote hapo Faza. Je, goti lako limepoa? Mimi ni mzima, cherehani inazunguka, ila joto la huku linanitoa roho. Najua unangoja habari ya posa ya mwanao Bakari, tena nasikia umeshaanza kuwatangazia majirani. Ungesubiri kidogo.

Mwanao, dada, amenunua mkanda. Bizimu lake, kile chuma cha mbele, ukilivuta linatoka na kisu kisichozidi kidole changu cha shahada. Aliuziwa na mchuuzi mmoja karibu na Ngome ya Yesu, akadanganywa kuwa Ulaya wakubwa wote wanavaa. Tangu hapo anatembea kifua mbele, utadhani analinda Ikulu. Nikamwuliza adui zake ni nani. "Mjomba, mji umeharibika," akanijibu. Karani wa kupiga mihuri, nani ana haja ya kumvizia? Mwizi wa Mombasa ana akili zake, humtazama mtu mfuko kwanza.

Desturi yetu unaijua: posa hupelekwa na wazee, mwenyewe hukaa kwake akangoja. Bakari akakataa katakata, alitaka aonekane. Nikamshonea kanzu nzuri, akasema kanzu haivaliwi mkanda. Basi akaja na suruali pana ya kisasa, ya kutosha watu wawili, na huo mkanda wake.

Tukakaribishwa mkekani nyumbani kwao binti, kahawa na halua mbele yetu. Kila akikunja miguu, chuma kinamchoma tumbo. Akawa anajinyonganyonga kama mtoto aliyebanwa na mkojo, mpaka kisu kikachomoka nusu, kila mtu akakiona. Ami yake binti ni sajini mstaafu. Akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, hichi ni cha kazi gani?"

"Cha kujilinda, mzee."

"Muuza machungwa ana kisu, twakiona, na twajua chamenya nini. Wewe chako umekificha mkandani. Askari akikushika nacho ndiani, utamwambia ulikuwa ukimenya nini? Watu wamelala ndani kwa kidogo kuliko hicho."

Bakari akakisukuma kisu ndani. Mzee hakumwachilia.

"Haya, inuka. Mwivi huyo yuwaja. Kitoe!"

Na mwanao, kwa upumbavu ambao sikuwa nikijua kina chake, akainuka kweli. Akavuta. Kisu kikatoka, mkanda ukalegea, suruali ikamteremka mpaka magotini. Akabaki na kisu mkono mmoja, mkono wa pili unakimbiza suruali. Mwizi gani angemgusa? Angekaa kitako acheke. Mimi niliona haya, dada. Na nilikuhurumia wewe, maana najua ulivyomtaka binti yule awe mkweo.

Baba wa binti, muungwana, alijifanya hakuona kitu. Akasema ndoa ni ya binti, akaulizwe mwenyewe. Mama yake akapita nyuma ya pazia. Nikabaki na tumaini moja tu: mwari akiulizwa hunyamaza, na kimya chake ndiyo ridhaa.

Kabla sijakwambia alilojibu, acha nimalize salamu, maana nikishalisema sitakuwa na hamu ya kumsalimu mtu. Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na umwambie huyu mtoto hakufanana na upande wetu. Msalimie shangazi yetu mkubwa, dua zake nazihitaji. Msalimie na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyemfundisha Bakari. Simlaumu, maji hayajai kwenye pakacha.

Sasa sikiliza. Binti hakunyamaza. Alicheka. Alicheka yeye na dada zake na mama aliyekwenda kumwuliza, na tulipovaa viatu tukatoka, walikuwa bado wanacheka.

Ni mimi ndugu yako,
Fumo