Punda Kavaa Maua, Mahindi Nabeba Mimi

Mpendwa Bi Remedios wa redioni, naomba unisaidie kabla sijasema neno lisilorudishika mdomoni. Punda wetu wa zamani alikufa wakati wa mvua, mume wangu Nabor akaleta mwingine, jike, anaitwa Canela, na kama ujuavyo huku kwetu milimani mnyama akiingia nyumbani wakati wa mavuno hapakiwi mzigo mpaka apokewe, afukizwe ubani, avalishwe shada la maua ya manjano na apatiwe msimamizi kama mtoto wa ubatizo, na ni msimamizi huyo peke yake anayeruhusiwa kulivua lile shada ndipo mnyama aanze kazi. Sina ugomvi na mila. Ugomvi wangu ni kwamba mama mkwe, Bi Crescencia, alimchagua jirani yetu Abundio, mgane asiye na wa kumpikia, na tangu hapo kila asubuhi anakuja kumtazama huyo mwanawe wa ubatizo, anagusa maua, anatikisa kichwa.

"Bado mabichi haya, kompadre, tusiharakishe," anamwambia Nabor, maana ndivyo msimamizi na wazazi wanavyoitana, halafu anavuta kiti na kunigeukia mimi. "Maharage ya jana yamebaki, komadre?"

Wanakula, wanacheka, na shada halinyauki kwa sababu nimemfuma mama mkwe akilinyunyizia maji. Nilipomuuliza akanijibu, "Mwanangu, mgeni haharakishwi."

Bi Remedios, mahindi yamekauka shamba la juu, gari halifiki, kunguru wanakula, na mvua ya kuchelewa ikinyesha yataota ukungu na hicho ndicho chakula chetu cha mwaka, kwa hiyo anayeyashusha ni mimi, kwa mgongo, ukanda wa kikapu kwenye kipaji cha uso, na Nabor anasema atanisaidia punda akianza kazi, eti wanaume wa kwao hupakia punda, hawabebi. Na huyo Canela, ambaye nimemchukia wazi, hatulii, nikitoka tu na kikapu analia mpaka bondeni wanamsikia, na jana alikata kamba akanifuata shambani, akashuka nyuma yangu na shada lake shingoni, mgongoni hana hata gunzi, anachomoa mahindi kwenye kikapu changu mimi, majirani wametoka nje wanatutazama, mmoja akaniita, "Shemeji, punda ni yupi hapo?"

Nilipoolewa nyumba hii yalikuwa mavuno vilevile, nikapewa kikapu kabla sijafungua furushi langu la nguo, lakini hilo lilishapita, silo ninalouliza. Ninalouliza ni hili: nikilivua shada mwenyewe, nitailetea nyumba mkosi?

Mimi, mwenye mgongo unaouma.

*

Mwenye mgongo, pole sana. Ishike vizuri hiyo pole, maana sasa nakugombeza.

Shada usiliguse. Ukilivua wewe, mwaka mzima kuku akifa ni wewe, mtoto akikohoa ni wewe. Mwache Abundio alivue mwenyewe, na atalivua upesi kuliko unavyodhani, kwa sababu maji ya mama mkwe wako yanasaidia kidogo tu, kinacholiweka bichi ni maharage yako. Unampakulia mwenyewe halafu unashangaa mbona kesho karudi! Asubuhi akivuta kiti, mwamkie kwa heshima zake zote, mpe maji ya kunywa, mwambie, "Kompadre, leo moto haujawashwa, mpishi anakwenda kufanya kazi ya mwanao." Kisha mkumbushe jambo analolijua: kanisani mtoto hawezi kusema, msimamizi humsemea. Basi mtoto asiyeruhusiwa kubeba, msimamizi wake humbebea. Mkabidhi ukanda mbele ya Nabor, bila kupaza sauti. Maua yatanyauka kabla hajaufikisha kipajini.

Nawe Nabor, najua unanisikiliza, maana wanaume wa huko wote husema hawasikilizi redio yangu. Baba, kipaji unacho. Kuna kikapu kingine hapo nyumbani, kichukue.

Sasa tuje kwenye lile ambalo silo unalouliza. Mama, ndilo uliloniandikia barua. Ulipokewa na kikapu, na imekuuma miaka yote hii, na una haki. Siku mkikaa wawili kupukuchua mahindi, muulize Bi Crescencia yeye alipokewaje alipoletwa hapo akiwa bibi arusi. Usimsute, muulize tu, halafu unyamaze umsikilize. Nahisi hata yeye hakuvalishwa ua, na mtu wa namna hiyo akipata shada la kumwagilia, hata la punda, atalimwagilia.

Canela usimchukie. Akishavuliwa maua mpakie wewe mwenyewe, mzigo mwepesi kwanza, utangulie mbele, atakufuata bila fimbo. Umeniandikia kwa hasira kwamba kila ukitoka na kikapu analia mpaka bondeni wanamsikia. Isome tena barua yako, mwanangu. Katika nyumba nzima, ni yeye tu aliyeona kwamba umeondoka.