Mstari Aliouchagua Mjomba

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Habari za huko, na ile baridi yenu mnaivumiliaje? Wifi hajambo? Mapacha wameacha kupigana? Sisi hatujambo, ila uchovu. Nimechoka mpaka kope zinauma, na usiniambie nilale, maana usingizi wenyewe umenigomea.

Redio uliyomtumia Mama ilifika salama. Mjomba ameikalia; Mama anasikiliza taarifa ya habari kwa ruhusa yake.

Kazini ni yale yale. Watu wa maabara wanakuza seli za saratani kwenye vyombo, wanazitilia dawa, kamera inazipiga picha, nami natafuta hesabu ya kueleza mwendo wao. Kinachonichosha ni hiki: seli zote hizo zimezaliwa na seli moja na zinapata dawa ile ile, lakini nyingine hufa, nyingine husimama tu kama zinasubiri dawa ipite, na chache huendelea kuzaana kana kwamba hazijaguswa. Si unatujua sisi? Tumbo moja, lakini ile dawa ya homa iliyokuponya wewe ilinifanya mimi nijikune wiki nzima.

Ndiyo maana kompyuta yangu haichori mstari mmoja wa idadi ya seli. Inarudia hesabu tena na tena, kila mara ikibadilisha kidogo ukaidi wa seli, na mwishowe napata fungu la mistari. Mingi inashuka. Mingine inashuka, halafu inapanda.

Tangu Mama aanze dawa alinisumbua nimchoree mstari wa uvimbe wake pia. Nikamwambia hesabu zangu ni za seli za kwenye vyombo, si za mtu. Akasema, "Kwani mimi nimeumbwa kwa kitu gani, mwanangu?" Nikatia vipimo vyake, nikachapa, nikawaeleza mistari yote. Mjomba akachukua kalamu nyekundu, akachagua ule unaoshuka vizuri kuliko yote, kama anayechagua nyanya sokoni, akaukoleza na kuibandika karatasi kwenye friji.

"Huu ndio wa dada yangu," akasema. "Hiyo mingine ni ya wenyewe."

Mama alicheka siku ile, Kaka, alicheka mpaka akashika mbavu. Nani angeibandua?

Basi nyumba nzima ikawa inaishi kwa mstari huo. Kwa mstari huo, Desemba uvimbe haupo tena. Ndiyo maana Mama alikupigia simu akakuambia usikatize kazi, uje kwa likizo umkute mzima.

Vipimo vya juzi vimetoka. Uvimbe umeanza kukua tena. Daktari wake anabadilisha dawa, na huenda hiyo nyingine ikafaa, sisemi haitafaa. Lakini nilirudi kwenye mistari yangu nikatafuta inayopita pale Mama alipo sasa. Imebaki michache, na hakuna hata mmoja ninaotaka uuone.

Mama anajua. Tuliambiwa pamoja. Njiani kurudi akaniomba nisikuambie, usije ukaacha kazi bure. Mjomba bado hajui; leo asubuhi nimemkuta akiifuta vumbi karatasi yake. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Sipendi kulivunja neno la Mama. Lakini nikinyamaza nitakuwa nakudhulumu, nawe hutanisamehe, na utakuwa na haki. Kaka, usisubiri Desemba. Njoo mwezi huu, hata kwa wiki moja. Sema umetumwa kikazi. Hatakuamini, atakugombeza pale pale mlangoni mbele ya majirani, na wewe mwache akugombeze mpaka achoke. Sauti bado anayo.

Nisalimie Wifi, mapacha, na yule rafiki yako fundi saa asiyejua saa ya kuondoka kwa watu. Shangazi anakusalimu. Mungu akufungulie njia, akufikishe ungali na mama.

Wako akupendaye,
Kitindamimba wenu.