Gakii Gitonga, Mama wa Chumba cha Wachezaji

Mwaka mmoja umetimia leo, Mama, tangu ulipoanguka jikoni asubuhi ya Jumamosi, chai ikiwa bado mekoni na redio ikisema mvua itanyesha. Haikunyesha. Baba alikupakata sakafuni mpaka gari la wagonjwa likafika. Aliporudi kutoka hospitali alikuwa ameshika viatu vyako tu.

Nyumba yetu ya Doonside, hapa Sydney, ingali vile ulivyoiacha. Mlango wa nyuma bado tunauzuia kwa tofali lako. Sukuma wiki uliyoipanda kando ya uzio imerefuka ikawa kama miti, maana hakuna anayeichuma inavyotakiwa. Kule Seven Hills, kwenye nyumba ya wazee ulikofanya kazi miaka kumi na miwili, kuna babu anayewaambia wauguzi kila asubuhi, "Nitaoga yule mrefu akija." Wamechoka kumweleza.

Lakini wengi walikufahamu kwa jambo jingine, na wasiokufahamu tungependa walisikie. Ulikuwa mama wa wachezaji wa besiboli, mchezo ambao hukuucheza hata siku moja, na ambao sheria zake ulizielewa nusu.

Ulifika Sydney mwaka 2010, peke yako, kusomea uuguzi, ukatuacha Meru na Baba. Watu wa kanisa walikupeleka kwa Bi Maureen, mjane aliyekuwa na chumba kitupu. Ndani ya mlango wa kushoto wa kabati la chumba hicho ulikuta majina yameandikwa kwa kalamu, moja chini ya jingine. Ukauliza ni ya nani.

Akakusimulia, nawe ukatusimulia sisi mara nyingi mpaka tukakariri. Mwaka 1989 Australia ilianzisha ligi ya besiboli ya kulipwa. Ilichezwa miezi ambayo huko Marekani ni theluji na viwanja vimefungwa, ndiyo maana wenyewe huiita ligi ya majira ya baridi, ingawa huku kwetu ni jua kali. Vijana waliokuwa wakitafuta nafasi kwenye timu za kwao walikuja kucheza huku ili mikono yao isilale. Hawakuwa matajiri wala mashuhuri. Walihitaji kitanda, na familia za mitaani ziliwapa. Bi Maureen alipokea kijana mmoja kila msimu kwa miaka kumi. Mwaka 1999 ligi ikafa, na chumba kikanyamaza.

"Nawe umekuja mwaka inaofufuka," alikuambia, kwa kuwa ni mwaka huo huo wa 2010 ligi ilipoanzishwa upya. "Haya, andika jina lako. Kila anayelala hapa huandika."

"Lakini mimi si mchezaji."

"Utalalia shuka zangu au hutalalia? Basi andika."

Ukaandika: Gakii, 2010, muuguzi. Hukuwa muuguzi bado. Ulisema uliandika kwa imani.

Sisi tulikuja miaka miwili baadaye. Bi Maureen alipofariki, wanawe waliliweka lile kabati kando ya barabara lichukuliwe na gari la taka. Ulipiga simu kazini kusema utachelewa, ukamwamsha Baba, mkalibeba kwa gari la kuazima, milango yake ikipigapiga njia nzima. Mliliweka katika chumba cha mbele, ambacho kilikuwa chumba changu mimi, binti yako Jacky, ninayeandika haya kwa niaba yetu sote. Novemba ile ile ukaipigia timu simu ukasema una kitanda.

Wageni tisa walilala humo. Wangekuwa kumi na mmoja, lakini miaka miwili ya Korona mipaka ilifungwa, nawe ukaandika "Korona" mlangoni mara mbili ili orodha isikatike. Kila mmoja ulimpikia kama aliyetoka kulima shamba la ekari tatu. Uliwafundisha kusema asante, karibu, hodi, tafadhali. Neno moja uliwanyima kwa makusudi, nalo ni "nimeshiba".

Uwanjani ulikwenda na mwavuli na chupa ya chai. Ulishangilia kila kitu. Mutwiri, mdogo wangu, alikuwa akikunong'oneza kwa aibu, "Mama, huyo ametolewa."

"Najua ametolewa. Lakini umeona alivyokimbia?"

Hakuna aliyemsahau Cody, yule wa Nebraska. Alikuwa amepiga mpira vizuri mechi tisa mfululizo, na wachezaji wana mwiko wao: bahati ikikushika, kofia haifuliwi. Wewe hukuambiwa. Wewe ulikuwa muuguzi na kofia ilikuwa inanuka.

"Mama, kofia yangu iko wapi?"

"Iko kwenye kamba, mwanangu."

"Kwenye kamba? Umeifua?"

"Mara mbili. Maji ya kwanza yalitoka kama chai ya rangi."

Baba aliweka gazeti chini. "Gakii, umeua mtu," akasema.

Cody alipokueleza ulishika mdomo. Kisha ukaianua kofia ikiwa bado mbichi, ukaiombea pale pale uani, macho umefumba, kijana wa watu amesimama mbele yako kama anayebatizwa. Siku ile hakupiga hata mpira mmoja. Alirudi ukiwa unamngoja mlangoni. "Umepiga?" "Hapana, Mama." "Na kofia je?" "Ni safi kabisa, Mama." Mkacheka hadi mkakaa chini.

Wiki tatu baadaye timu yake ya Marekani ilimpigia simu akiwa mezani kwetu. Walimwambia hawamhitaji tena. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na tangu akiwa mtoto hakuwa amefanya kazi nyingine yoyote. Hukumwambia kwamba Mungu ana mpango. Ulimsogezea sahani ukamwongezea githeri, akala akilia, akamaliza, ukamwongezea tena. Alikula kwa sababu hakulijua lile neno. Alipokufa baba yake, wewe ndiye uliyekuwa mtu wa pili kupigiwa simu.

Huo ndio wema wako, Mama, na tungeishia hapo kama wanavyoishia wengine. Lakini hukutulea tuseme nusu.

Kila Novemba nilihamishiwa sebuleni, godoro chini, mpaka Februari. Nilikuwa mtoto nikavumilia. Nikawa msichana nikanuna, na mlango wa kushoto wa lile kabati nikaacha kabisa kuufungua, nisiyaone yale majina. Oktoba ya mwaka jana, nikiwa na diploma yangu na kazi yangu, nilikukuta jikoni unakunja shuka za mgeni, nikayasema yote.

"Kila mwaka nafanywa mkimbizi nyumbani kwetu."

"Usilitumie neno hilo ovyo," ulisema bila kunitazama. "Anésie wa kanisani amelala kambini Tanzania miaka kumi na miwili. Muulize ukimbizi."

"Basi nisiseme mkimbizi. Nitasema hivi: una watoto kumi na mmoja, Mama, na mimi ndiye wa mwisho kati yao."

Mutwiri alitoka nje. Ulimaliza kukunja, ukapanga, ukapiga shuka kofi moja la kulainisha kama ulivyozoea.

Kesho yake nilikusikia kwenye simu ukiongea na yule dada wa timu anayewatafutia wachezaji mahali pa kulala. "Mwaka huu nyumba yangu haina nafasi," ulimwambia. "Samahani. Mtafutieni kijana kwingine." Sauti yako ilikuwa ya kawaida. Nilisikia kila neno nikiwa kwenye korido, na nilifurahi. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli.

Nililala katika chumba changu wiki tatu. Ulikuwa ukigonga mlango asubuhi kabla ya zamu yako, kama ulivyowagongea wao, na kuniachia chai. Hatukulizungumza tena. Nilijua tutalizungumza siku moja, Krismasi labda, wewe ukiwa umevua viatu. Kisha ikafika ile Jumamosi. Ilikuwa wiki ya kwanza ya msimu, na kijana uliyemnyima kitanda alikuwa kwa familia nyingine, anakula sijui nini.

Tulipotoka kukuzika nilirudisha godoro sebuleni. Chumba nilichokipigania kimekaa mwaka mzima mlango umefungwa. Baba hakuniuliza, na Mutwiri amejifunza kuniruka akienda kunywa maji.

Mwezi uliopita simu ililia. Alikuwa yule dada wa timu. Alisema hataki kutusumbua, alikuwa anapiga tu kwa kuwa jina lako bado liko kwenye orodha yake na hakuweza kulifuta. Kuna kijana wa miaka ishirini na mbili anakuja msimu huu na hana pa kukaa. Tukikataa ataelewa.

Baba aliziba simu kwa kiganja akanigeukia. "Chumba ni chako," alisema. "Mama yako alikupa. Sema wewe."

Alingoja. Mutwiri naye alingoja, kijiko kikiwa hewani. Niliogopa kwamba nikikataa, chumba kitafungwa moja kwa moja, na kitafungwa kwa jina langu. Niliogopa zaidi kwamba nikikubali nitakuwa nimekupa, ukiwa kaburini, kile nilichokunyima ukiwa hai umesimama mbele yangu.

"Mwambie aje," nikasema.

Jana nilifungua chumba. Kilinuka vumbi na sabuni yako. Mablanketi ulikuwa umeyahifadhi upande wa kushoto wa kabati, kwa hiyo ilinibidi niufungue ule mlango. Majina yote yalikuwepo. Ya Bi Maureen, ya ile miaka kumi ya kwanza. Nafasi tupu ligi ilipokufa. Gakii, 2010, muuguzi. Wageni wako tisa, na Korona mara mbili. Halafu chini kabisa, kwenye mstari wa mwaka jana nilioutarajia uwe mtupu, kwa mwandiko wako unaoegemea kushoto, umeandika: Jacky.

Umeandika hivyo tu, Mama, bila neno jingine. Sijui uliandika siku gani. Sijui kama ulinilaumu kwamba na mimi nimejifanya mgeni, au kama ulitaka nami niwemo. Nilimwita Baba. Alivaa miwani, akasoma toka juu mpaka chini, akafika kwangu akaivua miwani.

"Mama yako hakuwa mtu wa kupoteza wino," alisema, akaenda kukaa uani peke yake.

Ulipaswa kuwa hapa unijibu. Hilo ndilo tunalolilia leo, kuliko chai yako na kuliko sala zako ndefu za mezani. Kijana anafika Alhamisi. Nitamgongea mlango asubuhi. Nitamwonyesha kalamu, nimwambie kila anayelala hapa huandika, naye ataandika jina lake chini ya langu. Kofia yake nitaiacha inuke.

Unakumbukwa na mumeo Gitonga, ambaye bado anatoa vikombe viwili. Wanao Jacky na Mutwiri. Dada yako Kananu na ndugu zako wote walioko Meru. Anésie na akina mama wa kanisa. Cody, aliyetuomba jina lake lisikosekane hapa. Na wale wanane wengine, popote walipo.

Tutakukumbuka daima, Mama. Kitanda kimetandikwa.