Namba Saba ya Bwawani

Chumba cha Mtunza Bwawa,
S.L.P. 214.
9 Machi

Mpendwa Dada,

Salamu tele kutoka nyumbani. Hujambo huko ugenini? Kile kifua kimepoa, au bado unakohoa kama pikipiki mbovu? Sisi wazima. Mama miguu inamsumbua, ila ulimi haumsumbui hata kidogo. Kila siku ananiuliza mbona hupigi simu.

Dada, nina neno nimelizungusha mdomoni wiki nzima. Ni habari ya bwawa.

Mwanao, Chura wetu, alipokufa maji ulisema lango lisifunguliwe tena, na chama kizima cha kuogelea tukakuitikia. Nimebaki kufagia majani na kupangusa kufuli. Sasa wamekuja watu wa kodi. Unajua kiwanja ni cha umma, na chama chetu hakitafuti faida. Ndiyo maana tumesamehewa kodi ya ardhi, mradi watu wote waruhusiwe kuja kuogelea na kucheza. Mkaguzi alichungulia bwawa kavu, akatikisa kichwa. "Bwana, msamaha ni wa mahali panapochezwa, si panapolindwa." Nilimchukia, lakini alisema kweli. Tusipofungua kabla mwezi haujaisha, msamaha unafutwa. Kodi yenyewe hatuiwezi, na manispaa itawapa kiwanja watu wa maegesho. Magari yatapaki pale pale mwanao alipoishia. Hilo moyo wangu umelikataa.

Kuna na jambo jingine, usinicheke. Jioni nikifagia nasikia nyayo ndogo ukingoni, chap chap, za mtu aliyelowa. Bwawa halina hata tone. Zamani nilikuwa nageuka kuangalia. Siku hizi nasema tu, "Taratibu, mama, utateleza."

Jana mwalimu wa kuogelea alileta watoto wapya wafanye mazoezi ya ule utaratibu wake, pale nje ya lango, pakavu: akipuliza filimbi, kila mtoto anataja namba yake, ijulikane nani bado yumo majini. Ndivyo tulivyojua siku ile Chura alipozama. Sita, halafu kimya. Saba ya Chura mwalimu hakumpa mtu tena, kwa hiyo baada ya sita ilipaswa kufuata nane.

Wakahesabu. Tano. Sita. Kisha kimya, kama siku ile ile. Ndipo binti wa fundi cherehani, mgeni kabisa hapa mtaani, akasema nane. Nikamuuliza mbona amekawia. Akanishangaa: "Si nilikuwa namwacha saba aseme kwanza?"

Mwalimu alikaa chini akalia, mtu mzima yule.

Naogopa, dada, sikufichi. Lakini wewe ndiye mama, na bila neno lako ufunguo hauingii kwenye kufuli. Ila mimi nadhani mtoto hataki kulindwa. Anataka wenzake.

Nisalimie shemeji na mapacha. Mungu akufunike popote ulalapo. Mama anakusalimu, na kaka mkubwa, na mwalimu wa kuogelea. Na kama ninavyomjua, namba saba naye pia.

Mdogo wako akupendaye daima,
Bwana Funguo