Ng'ombe Kumi na Mmoja wa Noela

Ngokolo, Shinyanga
2 Juni 2025

Mwanangu Noela,

Barua hii ikukute mzima wewe, mume wako Marcel na wajukuu zangu. Sisi huku tunaendelea. Bibi yako Sesilia hajambo, magoti tu, na anauliza kama huko Dodoma mnapata maziwa ya kweli au ya boksi. Shangazi yako Bernadina hajambo, kahamia kwaya ya pili baada ya kugombana na ya kwanza. Ngusa mdogo wako mwili haujambo, kichwa ndiyo sijui. Mchumba wake Martina naye hajambo, alikuja Jumapili kunisaidia kuanika michembe ya viazi. Kaburi la baba yako tumelipalilia. Ng'ombe wako kumi na mmoja wote wazima.

Sikupiga simu kwa sababu simu anashinda nayo Ngusa, na jambo lenyewe ni lake. Wale ng'ombe walioletwa na kina Marcel ulipoolewa ndio wa Ngusa kuolea, ndivyo ilivyo kwetu. Mzee Magesa, baba yake Martina, alishakubali kumi na mmoja na pombe ikanywewa. Sasa Ngusa anataka awauze wote aingie ubia kwenye duara, shimo la kuchimba dhahabu kule Mwakitolyo. Anasema dhahabu inapanda kila wiki, atarudi na ng'ombe thelathini kabla ya Krismasi. Nikamwambia, "Shimo halizai." Akanijibu, "Mama, na ng'ombe anakufa."

Tulikusikia redioni. Majirani walikuja na viti vyao. Ulisema bei hazikimbii tena, sasa zinatembea. Mama mmoja akang'aka, "Mbona mafuta ya kula hayajashuka?" Nikamwambia kutembea siyo kurudi nyuma. Nilisema sawa?

Basi mwanangu, wewe unafanya kazi Benki Kuu, hapo hapo pesa inapotoka. Niambie neno moja tu: dhahabu itashuka au haishuki? Ngusa atakusikiliza wewe. Sitamwambia mtu.

Mama yako,
Paskalina


Dodoma
14 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Natumaini wote hamjambo. Sisi wazima. Mwambie bibi maziwa ni ya boksi na Marcel anayasifia.

Yule mama ulimjibu sawasawa, hata mimi redioni sikusema vizuri hivyo. Lakini neno unalolitaka sina. Bei ya dhahabu haipangwi hapa. Inapangwa na watu wasiojua Mwakitolyo iko wapi. Na yale tunayoyajua sisi, ya riba na ya shilingi, kikao cha kupanga riba kikikaribia tunafunga midomo. Hata Marcel akiniuliza namwambia habari za mboga. Nikikuambia wewe kabla ya watu wengine, nitakuwa nimewaibia hao wengine. Usione nakunyima, mama.

Ninaloweza kusema ni lile ningemwambia mtu yeyote. Kitu kinachopanda haraka hakijamwahidi mtu kwamba kitaendelea. Kama Ngusa lazima aende, auze wawili, tisa wabaki. Hayo ni maoni yangu mimi dada yake.

Nimetuma hela ya mchele mapema safari hii. Ndio wakati wa mavuno, na mwezi wa saba nitabanwa na kazi.

Mwanao,
Noela


Ngokolo
6 Julai 2025

Mwanangu Noela,

Salamu nyingi. Bibi hajambo, shangazi hajambo, mimi sijambo kidogo.

Hela niliipata, wabeja sana. Nikanunua magunia sita ya mchele, yakashushwa mchana watu wakiona. Jioni nasikia, "Mama Noela anajaza ndani, kuna kitu kaambiwa." Nikawaambia sijaambiwa kitu. Wakacheka: "Ndiyo mama, na sisi hatujaambiwa!" Kesho yake wakaenda kununua wote. Ilipofika Alhamisi mchele hapa sokoni umepanda shilingi mia mbili kwa kilo, na waliopandisha ni sisi wenyewe. Sasa nimejua kwa nini mnafunga midomo. Mimi hata sikufungua wangu.

Wangeishia kwenye mchele ningeshukuru. Ngusa naye akasema, "Dada kazuiwa kusema, lakini katuma hela mapema. Maana yake pesa itaoza, tuitoe haraka." Jana alfajiri akafungua zizi. Nilisimama mlangoni na barua yako, nikamsomea pale uliposema tisa wabaki. Akasema, "Hapo alilazimika kuandika hivyo." Akawapeleka mnadani wote kumi na mmoja.

Martina bado hajui.

Mama yako,
Paskalina


Ngokolo
23 Novemba 2025

Mwanangu Noela,

Natumaini wewe, Marcel na watoto ni wazima. Barua zako mbili nilizipata. Sikujibu kwa sababu sikuwa na la kuandika lisilo na aibu. Usiseme tena kosa ni la hela yako ya mchele. Aliyefungua zizi ana mikono yake.

Dhahabu imepanda kweli, kama Ngusa alivyosema. Ila duara lao walikuta mwamba mtupu, halafu maji, halafu wenzake wakatawanyika. Sasa anabeba mawe pale kwenye karasha, yanaposagwa mawe ya wengine. Amekonda, lakini kwa kubeba huko kanunua ng'ombe watatu. Nimewaona mwenyewe zizini.

Martina alipojua alilia siku mbili. Kisha akaja mwanamume wa Bulyanhulu mwenye pikapu kumposa. Kamkataa. Kamwambia baba yake, "Nimwache Ngusa sasa hivi ndiyo kajifunza kazi?"

Juzi Mzee Magesa akaja hapa. Nilimsomea barua yako ya Juni yote, maana nimechoka kuficha. Akasema atapokea watatu sasa na wanane kwa miaka mitatu, ila anataka mtu wa kumdhamini. Nikasema, mimi mama yake. Akasema, "Mama Noela, neno lako lilipandisha mchele bila kusemwa. Nataka la mtu anayesema kile anachokijua tu. Mtoto aliyemwambia mamaye 'sijui', huyo akiniandikia wanane, ni wanane."

Kwa hiyo anataka mkono wako kwenye karatasi. Ngusa akishindwa, utalipa wewe na Marcel. Usikubali kwa kunihurumia. Mwangalie mdogo wako kama unavyoangalia hesabu za ofisini, ndipo uandike. Kama humwamini, andika humwamini. Nitampelekea mzee hiyo hiyo bila kupunguza, na Martina aolewe kwingine.

Ngusa hajaniomba nikuandikie. Kakaa hapa mlangoni anasubiri nimalize aipeleke stendi.

Wazee wanakutana Jumamosi ya tarehe sita Desemba. Karatasi hiyo uiandike haraka mwanangu, uiweke kwenye basi la Alhamisi. Nitaipokea mwenyewe.

Mama yako,
Paskalina