Zamu Yangu ya Kuchunga

Jumatatu, 5 Mei
Zamu yangu leo. Nyumba sita hapa Maretadu tunachunga pamoja, kila nyumba siku yake. Saa nne nikawaacha ng'ombe bondeni, nikakimbilia kanisani. Wazee wa kanisa tulikuwa tunachagua wa kuhubiri Jumapili, na nilijua nisipoonekana watampa mwingine. Wakanipa mimi. Somo: mpende Mungu, mpende jirani. Nilirudi naimba.
Ng'ombe wa Mama Theodora alikuwa ndani ya maharage yangu, mabichi, yenye maji ya mvua. Tumbo limefura kama ngoma. Akafa mbele ya macho yangu. Ndiye ng'ombe wake pekee. Mjane, analea wajukuu wawili.
Nilimwambia ni ugonjwa. Nikahimiza azikwe haraka eti asiambukize wengine, kumbe niliogopa bwana mifugo angejua ni maharage. Hata nyama mama wa watu hakuuza.

Jumanne, 6 Mei
Nimeandika mahubiri, karatasi nne. Mazuri mno. Daftari la zamu ninalo mimi, nikafuta jina la Mama Theodora. Asiye na ng'ombe hana zamu. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatano, 7 Mei
Amekuja mwenyewe. Anasema ule si ugonjwa bure, Mungu anamwadhibu. Aligombana na shemeji yake, hawajapatana tangu msiba wa mumewe. Ameanza kufunga leo, siku saba, jioni uji tu. Akaniomba nimwombee.
Nikamwombea. Nikamwekea mkono kichwani, nikamwomba Mungu amsamehe. Mimi! Ananishinda umri, namwamkia shikamoo, na alipiga magoti sakafuni kwangu.

Ijumaa, 9 Mei
Wajukuu wake wanakunywa chai ya rangi. Mke wangu hajui lolote, akawapelekea maziwa. Amerudi na salamu: Mama Theodora anasema sisi ndio majirani wa kweli, Mungu atubariki. Nikatoka nje. Nimejichukia.
Nimesoma tena mahubiri. Kila mstari unanitukana.

Jumamosi, 10 Mei
Mficha uchi hazai. Asubuhi nimemwambia mke wangu. Alilia, kisha akafungua zizi akamtoa yule mwekundu, mwenye maziwa kuliko wote. Tukiwa na ndama nyuma, tukaenda.
Nikamwamkia Mama Theodora. Nikasema yote nimesimama, kofia mkononi. Kanisa, maharage, lile kaburi la haraka. Daftari pia. Alisikiliza hadi mwisho, kapauka kwa njaa. Akauliza kitu kimoja tu.
"Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa natubu dhambi yako?"
Nikasema ndiyo.
Hakumtazama yule ng'ombe. Alinionyesha nguzo ya kumfungia, akaingia ndani.
Jioni nikaenda kwa mchungaji, nikamweleza na yeye.

Jumapili, 11 Mei
Amehubiri mzee mwingine. Hakuwa na karatasi. Nilikaa benchi la nyuma, na watu wanajua. Aibu ninayo, bora aibu hii kuliko ile ya Jumatano, nilipomwombea.
Baada ya ibada nilipitia kwa Mama Theodora kuangalia kamba ya ng'ombe. Alikuwa mlangoni anakula ugali na mboga, wajukuu wana vikombe vya maziwa. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba. Kwetu hata mpita njia asiyejulikana huambiwa karibu chakula. Yeye alimega tonge lingine, akala.
Hakunikaribisha. Nilikaza kamba, nikaenda nyumbani. Nilishukuru kwamba anakula.